Ngano Yangu na Mlinzi wa Mizabibu Aliyefufuliwa Mara Tatu

Kijiji cha Sivi Dol,
nyumba ya geti la kijani, baada ya kisima.
Jumatatu, siku ya pili baada ya Jumamosi ya Wafu.

Kwa Bwana Asparuh Delev,
Mkuu wa Kampuni ya Filamu,
Sofia.

Mheshimiwa Bwana Delev,

YAH: KUMFUFUA MFU ALIYEKWISHA KUPIKIWA NGANO

Barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako, ambaye uliniambia magoti yanamsumbua. Mwambie ayakande kwa pombe ya rakia ya moto asubuhi na jioni, na itakayobaki anywe.

Mimi ni Vidka Chobanova, mama mzazi wa Kamen Chobanov, yule Mlinzi wa Mizabibu mwenyewe. Usijifanye umenisahau. Mlipokuja kijijini kwetu kupiga filamu ya kwanza ulikaa mezani kwangu, ukala sahani tatu za maharagwe, ukasema mbele ya watu, "Shangazi Vidka, wewe ndiye nguzo ya filamu hii." Basi nguzo ndiyo inayokuandikia leo. Elimu yangu ni darasa la nane, tena darasa la nane la zamani, kwa hiyo ukikuta kosa humu ujue ni hasira, si ujinga.

Kabla sijalalamika, haki itendeke. Filamu ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa ya kweli. Gligor, mlinzi wa mizabibu, anafia peke yake kibandani mwake kule mlimani, hana wa kumwashia mshumaa, ndugu zake wako bondeni wanagombania shamba. Paka anaruka juu ya maiti. Hakuna anayempikia ngano. Sasa mtu kama huyo asipofufuka, nani afufuke? Mwanangu, akiwa ndiye Gligor, alitokea mara tatu tu filamu nzima, koti refu, kofia usoni, hasemi neno, na mara hizo tatu zilitosha. Tulipoitazama hapa, kwenye jumba la kusomea la kijiji, mwenyekiti wetu alitoka kwa dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Daktari wa mifugo, mwanamume anayeingiza mkono wote ndani ya ng'ombe, alinishika bega akisema, "Shangazi, ni Kamen wako kweli yule? Niambie ni Kamen!" Nikamwambia, "Ni yeye, na viatu alivyovaa ni vya baba yake."

Sikushangaa. Kamen alipozaliwa mkunga alisema, "Mama, huyu mtoto ananitazama vibaya." Ni kipaji. Wengine wanazaa watoto wa kuchekesha watu. Mimi Mungu amenijalia wa kuwatia homa.

Na mwisho wake, Bwana Delev! Ule mwisho! Wanawake wa kijiji wanatambua kosa, siku ya arobaini wanapika ngano ya wafu, padri anaisomea, Gligor anakuja polepole kati ya mizabibu, anakula kijiko kimoja, anavua kofia, analala. Basi. Watu walilia hadi viti vikalowa. Ile ngano ilikuwa yangu. Mkono unaoonekana ukichora msalaba wa sukari juu yake ni wangu, pete ni yangu, na sinia ni la marehemu mama mkwe. Kwa miaka ishirini na sita ngano ya wafu katika Sivi Dol napika mimi. Naichagua punje kwa punje, naichemsha hadi ipasuke lakini isivurugike, naitandaza juu ya kitambaa safi ikauke hadi asubuhi, kisha lozi, mdalasini, biskuti zilizosagwa na sukari ya unga. Hakuna mfu niliyempikia akarudi. Hata mmoja. Hata mzee Rangel, ambaye akiwa hai alikuwa akirudi nyumbani kwa mkewe mara nne kwa siku kuhakikisha jiko limezimwa.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama barua ya serikali.

1. Filamu ya pili. Nilikwenda nimetengeneza nywele mjini, nikakaa kiti cha mbele kabisa, mama wa mhusika. Taa zikazimwa. Na jambo la kwanza, kabla hata ya majina ya watu, kaburi likafunguka. Na juu yake mmeandika kwa herufi kubwa: SIKU YA AROBAINI NA MOJA. Siku moja, Bwana Delev! Mgeni tunampa siku mbili kabla ya kumpa jembe; mfu wako hakukaa hata hizo. Tena kamera ikamsogelea mwanangu usoni, na kwenye sharubu zake kukawa na punje za ngano. Ngano yangu! Ile ile ya jana yake!

Kisha Bi Pauna, ambaye naye hujiita mpishi wa ngano ingawa ngano yake ni uji wenye kiburi, akasema kwa sauti ya kanisani, "Vidka, uliichemsha kweli au uliipitisha tu karibu na moto? Mtu hajakaa hata siku mbili!" Watu wakacheka. Wakati mwanangu anakaba watu koo pale mbele, watu wanacheka! Hilo ndilo jeraha la kwanza: mmeiharibu hofu ya Kamen na ngano yangu kwa pigo moja.

Nilimpigia simu Kamen. Akasema, "Mama, watazamaji wanataka arudi." Nikamwambia, "Na mimi nayataka meno yangu ya ujana. Kuna utaratibu."

2. Matokeo yake. Mwezi mmoja baadaye mama yake Tsanko muuza mbao alifariki. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua punje, maana familia ile nawapikia tangu babu yao. Tsanko akaja hadi getini, kofia mkononi, haniangalii usoni. Akasema, "Shangazi Vidka, si kwamba nakudharau. Lakini unamjua mama. Mama alikuwa mkali akiwa hai. Hatuwezi kubahatisha." Akampa kazi Pauna. Nikamuuliza, "Tsanko, wewe mtu mzima, unaiamini sinema?" Akanijibu, "Siiamini, shangazi. Lakini nimeiona."

Nikwambie ukweli, Bwana Delev, nilizirudisha punje guniani. Sote tumeiona.

3. Filamu ya tatu. Hii hamkupiga hapa, mlipiga ndani ya ghala huko Sofia, mizabibu ya plastiki, na nilijua mara moja kwa sababu upepo unavuma na majani yote yanaelekea upande mmoja kama wanajeshi. Kosa kubwa ni kwamba mlimfanya Gligor aongee. Mwanangu aliyewatoa watu madirishani kwa kukaa kimya, mkampa maneno saa nzima! Anaeleza utoto wake. Anaeleza alivyoumia moyoni. Anampenda daktari wa meno kutoka Plovdiv, anachana nywele, ananawa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: mfu wa kweli hajielezi. Na mke wake je? Katika filamu ya kwanza ana mke, Bwana Delev, yu hai, tulimwona kule bondeni akifua zulia! Mnamfanya mwanangu azini akiwa marehemu? Hata walio hai hapa kijijini huona aibu, wanakwenda kijiji cha pili.

Na kwa nini kafufuka safari hii? Hamkusema. Kimya. Na penye kimya watu hujaza wenyewe. Pauna alikuwa nyuma yangu akila mbegu za alizeti. Alitema ganda tu, pfu, lakini nililielewa.

4. Filamu ya nne. Mmempeleka Gligor Sofia. Mlinzi wa mizabibu anaishi ndani ya lifti! Analinda nini humo? Na uso si wa Kamen tena, ni uso uliotengenezwa na kompyuta, unang'aa kama biringanya lililopakwa mafuta. Kwa dakika tisini nimemwona mwanangu kwa dakika mbili na sikio moja. Sikio lile nimelitambua kwa sababu nililisafisha mimi miaka kumi. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, anayetisha bila kupakwa chochote, mnamfichia nini? Asubuhi kabla hajanywa kahawa anatisha kuliko mashine yenu yote.

Lakini hilo ningemeza. Ambalo limenikaba ni yule profesa mwenye miwani, katikati ya filamu, anayepekua vitabu na kusema, "Chanzo cha yote haya ni kwamba ibada ya siku ya arobaini ilikosewa." Ilikosewa! Jumba zima la kusomea likageuza shingo kunitazama. Hata mtoto mchanga wa mwalimu alinigeukia, ingawa mama yake anasema alikuwa anatafuta ziwa.

5. Jumamosi ya Wafu, yaani juzi. Nilikwenda makaburini na sinia langu kubwa, vikombe vidogo, vijiko, kila kitu. Unajua desturi: unayempa hasemi asante, anasema "Mungu amsamehe," anakula pale pale, na marehemu anapata sehemu yake. Juzi watu walisema "Mungu amsamehe" vizuri kabisa, kisha wakatia kikombe mkobani. Hawakula! Mke wa mwenyekiti alifungasha vyake kwa karatasi ya foili. Nikamuuliza, "Dada, huli?" Akasema, "Nitakula nyumbani, tumbo halijakaa sawa." Hatua tano mbele nikamwona amekula vikombe viwili vya Pauna. Bi Pauna mwenyewe akapita na sinia tupu kichwani kama taji, akaniambia, "Pole, jirani. Labda ungeiuza kama chakula cha kuku, kuku wakifa hawafufuki."

Nilirudi na sinia limejaa kama nilivyotoka nalo. Nikaweka ngano mezani. Mume wangu Nayden, ambaye tumeoana miaka thelathini na minane, akala, akapangusa mdomo, akasema, "Vidka, usikasirike."

Mwanamume akianza hivyo, kaa chini.

Akasema, "Siku yangu ikifika, pika wewe. Wewe kwanza, bila shaka. Lakini na Pauna apike kidogo. Pembeni. Kwa usalama tu."

Kwa usalama! Miaka thelathini na minane! Nikamwambia, "Nayden, unaogopa utafufuka?" Akasema, "Siogopi kufufuka, naogopa kuishia kwenye lifti." Tangu juzi analala chumba cha kukaushia vitunguu, na vitunguu ndivyo vinavyomstahili.

Namba sita nilitaka kuandika juu ya muziki wa filamu ya tatu, lakini nimeona ni dogo. Naendelea.

7. Hili ni la kisheria, lisome mara mbili. Baada ya filamu ya pili sikukaa tu. Nilipika ngano upya kwa ajili ya Gligor, kilo tano, na nikaandika jina lake katika karatasi ya marehemu niliyompelekea Padri Gavrail, kati ya mama yangu na mjomba Hristo. Padri akayasoma majina yote kwa sauti. Alipomaliza ibada akaniita. "Vidka, huyu Gligor ni wa ukoo gani?" Nikasema, "Wa sinema, baba." Padri akaikunjua tena karatasi yangu. Akasema, "Ungeniambia kabla." Nikasema, "Hukuuliza kabla." Basi akapumua, akasema, "Kilichosomwa kimesomwa." Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, anamsoma kila mwaka, juzi pia kamsoma.

Kwa hiyo elewa vizuri msimamo wako, Bwana Delev. Mwaka ule mlipomfufua mara ya kwanza mlimfufua mtu wa hadithi. Lakini kwenye filamu ya tatu na ya nne mmemfufua marehemu aliyesomewa kanisani, mwenye jina kwenye karatasi, aliyekwisha kupikiwa ngano kilo tano. Hiyo si burudani tena. Kumtoa mtu kama huyo kaburini kunahitaji kibali cha padri, pengine cha askofu, na mimi mwombaji wa ibada nilipaswa kuulizwa. Sijaulizwa.

Kwa sababu zote hizi ninaomba, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma:

(a) Kampuni yako itoe hati yenye mhuri, wa duara si wa pembe nne, inayosema kwamba ngano ya Vidka Chobanova ilimlaza Gligor barabara, na kwamba kampuni ilimwamsha kwa tamaa yake yenyewe. Hati ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, dukani na kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba ya Bi Pauna. Mtabandika tu kama mnavyojua kubandika. Mlipopiga filamu ya kwanza mlibandika kwenye nguzo zote tangazo la kifo lenye picha ya Kamen, mkaondoka mkaliacha, na kaka yangu akaja kutoka Burgas na shada la maua, akamkuta marehemu juu ya ngazi akichuma cheri.

(b) Uje wewe mwenyewe Jumamosi ya Wafu ijayo, uvae suti, ule ngano yangu mbele ya watu, vikombe vitatu, na usitie hata kimoja mfukoni.

(c) Yule profesa mwenye miwani aombe radhi. Najua ni mwigizaji. Aombe akiwa amevaa ile miwani.

(d) Na hili ndilo kubwa. Gligor aachwe alale. Isiwepo filamu ya tano. Msimfufue, msimwonyeshe kivuli, msipige hata mluzi wake nyuma ya mlango. Kama watu wanataka kuogopa waangalie taarifa ya habari. Nataka mtu mmoja katika nchi hii aliyekula ngano yangu akae alipowekwa, na kila mtu aone. Bila hivyo nitakwenda kaburini mimi mwenyewe na jina bovu, na atakayenipikia ngano ni Pauna, na hapo, Bwana Delev, nakuahidi kwa mdomo wangu, nitafufuka, na nitajua pa kuanzia.

Kuhusu mwanangu usiwe na wasiwasi, hatakosa kazi. Kipaji kile kinatosha hata kwa maigizo ya watoto. Anakuja kwetu Krismasi, siku mbili, simu mkononi, anasema, "Mama, nina ratiba," na mimi namwekea chakula cha kupeleka Sofia, na ninajua nusu yake anawapa majirani. Mtoto mkubwa ni wa watu.

Nisalimie mama yako na magoti yake. Nisalimie yule kijana wa kamera aliyeogopa bata mzinga wangu. Nisalimie binti wa vipodozi, mwambie krimu aliyoniachia imeisha na uso umebaki vile vile. Nisalimie na dereva aliyekula mkate wote wa jibini akasema ni mbwa. Mwambie mbwa kafa, kwa hiyo ushahidi hakuna, lakini namjua. Nayden naye anakusalimu, kutoka kwenye vitunguu.

Ndimi mwenye jina lililochafuliwa, bali mikono misafi,

Vidka Chobanova,
mama wa Mlinzi.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Kamen amepiga simu sasa hivi. Anasema filamu ya tano mnataka kuipiga hapa Sivi Dol, kwenye mizabibu ya kweli, kwa uso wake mwenyewe, wiki saba. Anasema kwa muda wote huo atalala nyumbani, kitandani mwake. Lakini anasema bado hamjakata shauri, kwa sababu mwandishi wenu amekwama: hajapata sababu ya Gligor kuamka mara hii, na bila sababu mtaacha.

Mwambie mwandishi asihangaike, sababu ninayo mimi. Ngano ilikuwa mbichi. Andikeni hivyo hivyo, na andikeni jina langu kamili ili watu wasimsingizie mwingine. Kama mnataka, nitaichemsha nusu mbele ya kamera, na Pauna apewe nafasi ya kuionja na kuitema; ataifanya vizuri, hana haja ya kufundishwa. Padri nitazungumza naye mwenyewe. Yale ya (a) hadi (d) yafute.

Wiki saba, Bwana Delev. Zikizidi ni sawa, msiharakishe kumaliza. Godoro la Kamen nimeshalianika juani.